Baa Aliyoitafuta Mzee wa Kanisa

Ramani za zamani zina harufu yake. Chumba cha ghorofani zilikotunzwa, katika maktaba ya mji wa jirani, kilinuka kama sanduku la nguo lililofungwa miaka mingi: vumbi, gundi iliyokauka, na kitu kitamu kidogo kilichoanza kuoza. Nje kiangazi cha Sydney kilikuwa kimepamba moto. Lami ililainika chini ya viatu, na nyenje walipiga kelele mitini tangu asubuhi mpaka masikio yakachoka kuwasikia. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ndefu na watoto wenzangu wa mtaani Minto walikuwa bwawani wakiogelea. Mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja, nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya mkutubi, baba yangu nyuma yangu ndani ya suti yake ya kanisani, nikiuliza kwa Kiingereza chembamba cha aibu mahali ilipokuwa baa. Mkutubi alitutazama kwa zamu, kisha akaniambia kwa upole kwamba baa ya karibu iko mtaa wa pili, ila hufunguliwa saa nne.

Baba alikuwa Mrundi aliyekimbia kwao akiwa kijana, akafundisha shule ya msingi katika kambi moja mkoani Kigoma. Mimi nilizaliwa huko, na nilipoletwa Australia nilikuwa bado mdogo kiasi cha kubebwa uwanjani ndege ilipotua. Hapa ualimu wake haukuwa na kazi. Alipakua makontena katika ghala hadi mgongo ukamshinda, akabaki nyumbani akipika wali na kusikiliza redio. Kitu pekee alichobakiwa nacho cha kujivunia kilikuwa uzee wa kanisa. Kanisa letu la Waafrika lilikodi ukumbi wa shule kila Jumapili, Warundi na Wakongo na Watanzania wachache tukiimba kwa Kiswahili, na baba, ambaye watu walimwita Mzee Silvestri, aliketi kiti cha mbele kabisa pamoja na wazee wengine, Biblia juu ya goti. Nilipenda kumtazama akiwa pale. Siku nyingine zote za wiki sikujua la kumfanya.

Mama yangu alihudumia wazee katika nyumba ya kutunza wazee, safari ya treni na basi kutoka kwetu. Huko kulikuwa na mzungu mmoja aliyeitwa Walter, ambaye mama, kwa kuwa hakuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu, alimwita Baba Walter. Akili yake ilikuwa imeanza kuyumba. Kila jioni jua likishuka alivaa kofia, akashika kitasa cha mlango, akaomba apelekwe kwao kijijini, kwenye baa ya mama yake ng'ambo ya kijito. Binti yake, Janet, mwanamke mtu mzima aliyekuja kumwona kila siku akitoka kazini, alimjibu jambo lile lile: hapakuwa na baa yoyote katika ukoo wao, yeye alikulia shambani, akae chini. Mzee alikaa chini na kulia. Wahudumu wengine walisema ni ugonjwa tu. Mama alisimulia jikoni kwetu kwamba mtu aliyechanganyikiwa hubadilisha habari zake kila siku, lakini huyu hakuwahi kubadilisha neno: mabomba mawili ya moshi, ngazi za mawe, mtini kando ya ukuta, na jina la kijiji ambalo hakuna aliyelijua.

Baba aliacha kukoroga chungu. Alisema kijiji hakiwezi kupotea chote, lazima kiliandikwa mahali fulani. Nadhani ilikuwa miezi mingi tangu mtu alete nyumbani kwetu swali ambalo yeye angeweza kulifanyia kazi. Mama alishtuka, kwa kuwa sheria ya kazini kwake ilikuwa kali: habari za wazee hazitoki nje ya milango ile.

"Baba Goreti," alimwambia, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "nikifukuzwa kazi tutakula ramani?"

Baba alimjibu kwamba yeye anatafuta kijiji, hatafuti mtu. Wakakubaliana kwamba hakuna yeyote nje ya nyumba yetu atakayeambiwa kwa nini. Mimi nilihitajika kwa ajili ya Kiingereza, na hivyo ndivyo likizo yangu ilivyokwisha kabla haijaanza.

Tulifungua ramani nyingi. Mkutubi, alipoelewa hatutaki kunywa, akawa mwema kwetu. Alitupa glavu nyeupe, na akatufundisha kutumia mashine iliyoonyesha sensa za kale kwenye kioo, maandishi ya kalamu yaliyolala kama majani yaliyopigwa na upepo. Sensa zile ziliorodhesha kila kaya: mkuu wa nyumba, kazi yake, wangapi wamelala humo. Hazikuwa za utoto wa Walter mwenyewe, zilikuwa za enzi za bibi yake, lakini baba alisema ukoo ukishika biashara hauiachi upesi. Alinong'ona maswali kwa Kiswahili, nami nikayasema kwa sauti, na kila mara niliposema neno baa watu waliokuwa wakisoma magazeti waliinua vichwa: mtoto mweusi na mzee mwenye suti katika joto lile. Nilianza kumjibu baba kwa Kiingereza ili wajue kwamba angalau mimi ni mtu wa hapa.

Maktaba iliposhindwa, baba alisema twende tukawaulize wenye kukumbuka. Wenye kukumbuka walikuwa kwenye baa za zamani karibu na stesheni, wazee wa kizungu wenye pua nyekundu waliokaa tangu mchana wakitazama mbio za farasi. Tuliingia. Baba aliagiza soda, akavua kofia, akamsalimia kila mmoja kwa mkono kama yuko msibani. Wengine walicheka, wengine walijitahidi kwa moyo kabisa kukumbuka, na mmoja alichora kwenye kitambaa cha karatasi njia ambayo haikufika popote. Nilikuwa nikitazama zulia lenye madoa na kuomba tusionwe. Tusionwe na nani, sikujua. Siku tuliyoonekana, aliyetuona alikuwa Mama Dorika, kiongozi wa kwaya ya akina mama, ambaye alikuwa ng'ambo ya barabara na mifuko yake ya soko wakati baba anatoka mlangoni akifuta soda midomoni.

Mchungaji alimwita baada ya ibada, pamoja na wazee wengine, katika darasa lililo jirani na ukumbi. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, nami nilikuwa kwenye ukumbi mwembamba wa nje.

"Mzee Silvestri, ulikuwa baa au hukuwa?" mchungaji aliuliza.

"Nilikuwa."

"Ulifuata nini?"

"Nilikuwa naulizia njia."

Mmoja wa wazee alicheka, akajizuia. Mchungaji alimwuliza njia ya kwenda wapi, na baba akanyamaza. Walimbembeleza aseme. Alisema tu kwamba hakunywa, na kwamba mengine si yake kuyatoa. Nilijua angeweza kumaliza yote kwa sentensi moja, na nilijua sentensi hiyo ingepitia mdomo wa Mama Dorika hadi kwa wahudumu wenzake mama, kwa kuwa nusu ya wanawake wa kanisa letu walifanya kazi kwenye nyumba za wazee. Jumapili iliyofuata jina lake lilisomwa mbele ya watu wote. Amesimamishwa uzee kwa muda, ili ajirekebishe. Baba alinyanyuka kwenye kiti cha mbele, akapita katikati ya safu zote na Biblia yake, akaenda kuketi nyuma kabisa karibu na mlango, na vichwa viligeuka kumfuata kama maua ya alizeti. Watoto wa shule ya Jumapili walinitazama mimi. Uso wangu uliungua. Sikumwonea huruma, nasema kweli. Nilitamani tu asiwe wa kwetu.

Nilidhani ataacha. Jumatatu alivaa suti ile ile.

Aliyetufungulia njia alikuwa mkutubi, kwa neno moja tu. Alituambia kwamba watu wa zamani hawakuandika neno ambalo mimi nilikuwa nikilitafuta. Waliandika jingine, lenye maana ya nyumba ya wageni, kwa kuwa sheria ya enzi hizo ilimtaka mwuza pombe awe na kitanda cha msafiri. Siku zote hizo nilikuwa nimelitafsiri neno la baba kwa usahihi, na usahihi wangu ndio uliotupoteza. Tukarudi kwenye sensa, na mchana ule ule tukakutana naye: mwanamke mjane, mwenye nyumba ya wageni, watoto kadhaa, jina la ukoo lile lile la Mzee Walter, bila shaka bibi yake aliyemrithisha mama yake baa. Kijiji kiliandikwa kwa jina lile alilokuwa akililia kila jioni. Baba alivua glavu, akakaa.

Kilichobaki kilikuwa mahali. Tulikuwa tumetafuta kandokando ya barabara kuu, maana baa hukaa barabarani. Baba aliomba karatasi angavu, ile nyepesi ya kunakilia, akachora juu yake barabara ya ramani ya kale, kisha akailaza juu ya ramani ya leo. Barabara hazikulingana. Ya zamani ilikatiza kijito mapema zaidi, ikazunguka kilima kwa upande wa nyuma. Walipoinyoosha, kijiji kikabaki pembeni bila wapita njia, kikafa polepole, na jina lake likabadilishwa na watu wasiokijua. Kidole cha baba kilifuata mstari wa kale hadi kwenye kimraba cheusi ng'ambo ya maji. Kilikuwa nyuma ya eneo la viwanda la Minto, mwendo wa kutembea kutoka nyumbani kwetu.

Tulikwenda tukiwa wawili. Tulipita nyuma ya maghala, kando ya uzio wa nyaya, tukashuka kwenye kijito kilichojaa chupa na vikapu vya magurudumu vya dukani. Ng'ambo kulikuwa na majani marefu makavu na mtini mkubwa uliopasuka katikati, unaozaa bado. Chini yake kulikuwa na ngazi za mawe zilizoliwa katikati na viatu, zikipanda kuelekea hewani. Baba alikaa juu yake, akaangalia maghala kule mbele kwa muda mrefu. Aliniuliza kama nina kiu.

Mama alimnong'oneza Mzee Walter jioni iliyofuata, alipovaa kofia: kwenu kupo, barabara ndiyo iliyohama, mtini bado unazaa. Mzee alivua kofia, akala chakula chake chote. Kwa siku kadhaa hakugusa kitasa. Kisha Janet alipokuja, mzee akamwambia kwa furaha kwamba mume wa yule mhudumu Mwafrika amekiona kijiji, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Janet alikwenda ofisini kulalamika kwamba baba yake anajazwa uongo, na kwamba habari za familia yake zinazungushwa na watu asiowajua. Mama aliitwa, akaambiwa asije kazini hadi wamalize uchunguzi. Alirudi nyumbani mapema, akaketi jikoni na sare yake, na hakumlaumu baba kwa neno hata moja. Baba alisimama dirishani. Mke hana kazi, kiti chake kanisani kimekwenda, na yote kwa ajili ya ngazi za mawe. Nilijifungia chumbani ili nisizione nyuso zao.

Janet alikuja kwetu mwenyewe, Jumamosi asubuhi. Ofisi haikumpa anwani. Baba yake ndiye aliyemtajia mtaa, maana mama alikuwa amemsimulia tunakoishi. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akasema anataka aonyeshwe hicho kilichopatikana. Baba alimkaribisha kiti, mama akamletea chai, na ndipo baba akatandaza juu ya meza karatasi yake ya kunakilia na nakala za sensa. Mimi nilitafsiri. Janet alisoma jina la mjane mara kadhaa. Lilikuwa jina lake la pili, alilopewa bila kuambiwa limetoka wapi.

"Mwaka mzima nimekuwa nikimsahihisha," alisema, na nilimgeuzia baba maneno yake polepole. "Kila jioni nilimwambia mama yake hakuwa na baa. Namliza, halafu naenda kwangu kulala."

Hakuomba radhi siku ile, alishindwa. Ila Jumatatu alirudi ofisini akafuta malalamiko yake, na wiki haikuisha mama akaitwa kazini. Jumapili ya baada ya hapo, kwa idhini ya wakubwa wa nyumba ya wazee, Janet alimleta baba yake kwa gari. Tulimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mahali nyaya zilipokatika, kisha baba na Janet wakamshika makwapa, mmoja huku na mwingine huku, wakamvusha maji ya kijito yaliyofika kwenye vifundo vya miguu. Nilitegemea atafurahi. Alipoketishwa kwenye ngazi aligusa jiwe, akashika jani la mtini, akaanza kusema kwa sauti ya chini, akinitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa mtoto.

"Mama yangu aliuza bia hapa," alisema. "Nikitoka shule na wenzangu niliwaambia hii si nyumba yetu. Nilipita moja kwa moja hadi kijitoni, nikangoja wapotee, ndipo nikarudi. Siku moja alikuwa amesimama hapa kwenye ngazi. Aliniona. Alinitazama nikipita, na hakuniita."

Baba aliniuliza mzee anasema nini. Ilikuwa kazi yangu kutafsiri na sikuwa na pa kujificha. Nilisema yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, macho yangu kwenye viatu vya baba vilivyolowa maji, na nilipofika pale mama anapomwona mwanawe akimpita sauti yangu ilikatika, nikalazimika kuanza upya. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Mzee Walter alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Hadi siku zake za mwisho Janet alimruhusu kuzungumza juu ya mama yake, na inasemekana alizungumza sana. Kanisani habari zilienea kwa mdomo wa mama yangu, kwa kuwa Janet alimwambia hana tena siri ya kumtunzia. Mchungaji na wazee wawili walikuja nyumbani, wakanywa chai, wakaomba msamaha kwa unyenyekevu wa kweli, wakamtaka baba arudi kiti cha mbele. Baba aliwashukuru. Akawakumbusha Yosia, fundi rangi aliyetengwa miaka ya nyuma kwa ulevi, ambaye huketi karibu na mlango na kuondoka kabla ya wimbo wa mwisho.

"Mimi mlinitoa kwa nisichokifanya," alisema. "Yosia tulimtoa kwa alichokifanya, na mimi ndiye niliyesoma jina lake. Tangu siku ile hatujakwenda hata kumjulia hali. Nimekaa naye huko nyuma majuma yote haya, na ananipisha nafasi nikifika. Naona haya kurudi mbele."

Walimaliza chai, wakaaga. Baba alibaki nyuma, na yuko nyuma hadi leo, mvi zimemjaa.

Ng'ambo ya kijito hakuna tena mtini. Maghala yaliongezeka, yakavuka maji, na ngazi zile ziko chini ya uwanja wa kugeuzia malori. Ninapoitafuta sehemu hiyo kwenye simu naona paa jeupe tu. Siku hizi ninaishi Mount Druitt na kazi yangu ni ukalimani hospitalini, nikisemea watu maneno ambayo mara nyingi watoto wao wangeona haya kuyasema; nashukuru kwamba mtoto hasukumwi tena mbele ya meza kama nilivyosukumwa mimi. Mengine hayajabadilika. Mwanangu wa kiume anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Mwezi uliopita nilimpeleka shuleni nikiwa na kitenge na kilemba, maana nilikuwa nakwenda msibani moja kwa moja, na tulipokaribia lango aliniomba kwa sauti ndogo nimshushe kwenye kona. Nilimshusha. Alitembea haraka bila kugeuka, nami nikabaki na mkono kwenye usukani, nikimjua kabisa.

Jioni nilimpigia baba simu, nikamsimulia. Alicheka kidogo. Ndipo nikamwuliza nililoshindwa kumwuliza miaka yote hii: kiangazi kile, tulipokuwa tukitoka stesheni kwenda maktaba, nami nikitangulia mbali mbele kama mtoto asiye na mtu, alikuwa akitambua ninachofanya?

"Nilitambua," alisema. "Mgongo ulinizuia kubeba mizigo, haukunizuia kutembea. Ningetaka, ningekufikia."